Nilikuwa tayari kulipa, muuzaji anasema sikuwa: nani ataaminiwa mahakamani?

SWALI: Habari Wakili. Aprili 2023 nilisaini mkataba wa kununua kiwanja chenye nyumba ndogo Kigamboni kwa shilingi milioni 85. Siku ya kusaini nililipa milioni 50. Mkataba unasema milioni 35 zilizobaki nitazilipa muuzaji atakaponikabidhi hati miliki pamoja na fomu za uhamisho alizozisaini, ndani ya siku 90. Siku 90 zikapita, kila nikimpigia ananiambia bado anahangaika na TRA (Mamlaka ya Mapato). Februari 2024 akageuka: viwanja vimepanda, niongeze milioni 30 au nichukue hela yangu. Kwa hasira nikamjibu kwa WhatsApp, "Kama hutaki kuuza nirudishie hela yangu tuachane." Hakurudisha, na wiki hiyo hiyo nikamwambia nataka nyumba yangu. Sasa wakili wangu ameandaa hati ya madai ili mahakama imlazimishe kuhamisha umiliki. Ameandika kwamba "mdai wakati wote alikuwa, na bado yuko, tayari na mwenye nia ya kutimiza wajibu wake." Upande wa pili umeshatuandikia kwamba sikuwa na hizo milioni 35. Kweli, benki nilikuwa na milioni 9. Ila SACCOS ya kazini ilishaniidhinishia mkopo wa milioni 30 Juni 2023. Sikuuchukua kwa sababu hati haikutoka. Je, nilitakiwa niwe na fedha mkononi? Natakiwa nikaziweke mahakamani? Na hayo maneno ya wakili wangu yanatosha? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoanguka. Hayatoshi. Lazima yawemo kwenye hati ya madai, lakini yakiwa peke yake ni dai kama madai mengine, na upande wa pili utajibu kwa mstari mmoja tu: "Inakanushwa, mdai athibitishe." Hapo mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako.

Wakili wako hajayatunga. Sentensi hiyo ni ya zamani sana. Imo katika mifano ya hati za madai iliyoambatanishwa na sheria ya mwenendo wa kesi za madai ya India ya mwaka 1908, na sheria yetu ya mwaka 1966 ilichukuliwa humo. Kwa hiyo imekuwa ikinakiliwa kutoka jalada moja kwenda jingine kwa zaidi ya karne, na majaji wameizoea kiasi kwamba wanaipita bila kusimama. Wanachokitafuta ni kile kinachofuata baada yake: tarehe, viasi, barua, mashahidi.

Kwanza uelewe kwa nini unaulizwa jambo hili wakati aliyevunja mkataba ni mwenzako. Ungekuwa unadai fedha zako na fidia, kesi ingesimama hasa juu ya kosa lake na hasara yako. Lakini wewe unaomba kitu kizito zaidi, utekelezaji wa mkataba wenyewe: mahakama imshike muuzaji mkono na kumsainisha uhamisho. Mamlaka hayo kwa Tanzania Bara yanatokana na kanuni za usawa (equity) tulizozipokea kutoka Uingereza, zile zilizokuwa zikitumika huko hadi tarehe 22 Julai 1920. Ni nafuu inayotolewa kwa hiari ya mahakama, wala si haki ya moja kwa moja. Anayeiomba lazima aonyeshe kwamba ametimiza upande wake, au kwamba alikuwa anaweza kuutimiza na alitaka kuutimiza, tangu siku ya mkataba hadi siku kesi inaposikilizwa. Kuna pia msingi wa kimkataba. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961 imetokana na ile ya India ya mwaka 1872, ambayo kifungu chake cha 51 kinasema kwamba pale ahadi mbili zinapopaswa kutekelezwa kwa pamoja, hakuna anayelazimika kutimiza yake kama mwenzake hayuko tayari na hana nia ya kutimiza ya kwake. Mfano wake ni wa sokoni: mimi nakuletea bidhaa, wewe unalipa pale pale. Kama huna uwezo wa kulipa pale pale, silazimiki kukuletea. Kama sina bidhaa, hulazimiki kunilipa.

Msingi huo unakata pande zote mbili, na kwako unafaa kuliko unavyodhani. Soma tena mkataba wako. Hukuahidi kulipa milioni 35 siku ya 90 liwalo na liwe. Uliahidi kuzilipa muuzaji *atakapokukabidhi* hati na fomu zilizosainiwa. Yeye ndiye wa kutangulia: alipe au amalizane na kodi ya ongezeko la mtaji TRA, alete risiti za kodi ya ardhi, asaini taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati yenyewe ya uhamisho. Hakuna hata kimoja alichokuonyesha. Kwa hiyo kabla hamjaingia kwenye hoja ya milioni 35 zilikuwa wapi, wakili wako amuulize jaji swali dogo: siku ya kulipa ilifika lini? Kwa maelezo yako haikufika, na haikufika kwa sababu muuzaji mwenyewe hakuleta vitu vilivyopaswa kuileta. Mtu hawezi kukuzuia mlangoni kisha akakulaumu kwamba hukuingia.

Usiishie hapo, lakini. Nimeona mawakili wakiegemea hoja hiyo moja na kuacha suala la uwezo bila ushahidi wowote, kwa sababu tu "muuzaji ndiye mwenye kosa." Mahakama inaweza kukubali kwamba muuzaji ana kosa na bado ikakunyima uhamisho, ikakuachia fidia na fedha zako. Kosa lake halithibitishi utayari wako.

Sasa tuje kwenye fedha. Kuna mambo mawili ambayo hati za madai huyachanganya kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza ni uwezo: je, ungeweza kulipa? La pili ni nia: je, ulitaka kulipa, au ulikuwa ukivuta muda? Uwezo unathibitishwa kwa nyaraka za fedha. Nia inathibitishwa kwa mwenendo wako, yaani ulichoandika, ulichofanya, ulichonyamazia. Mtu anaweza kuwa na milioni mia benki na asiwe na nia. Mwingine ana nia ya kufa mtu na hana shilingi. Wote wawili wanashindwa kesi.

Kwenye uwezo, jibu fupi ni kwamba hukutakiwa kuwa na milioni 35 taslimu zimekaa zikisubiri. Ipo kesi ya Bombay iliyofika hadi Baraza la Mfalme kule London (Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza), Bank of India dhidi ya Chinoy, iliyoripotiwa mwaka 1950. Mnunuzi wa hisa alikiri kizimbani kwamba hakuwa na fedha za kutosha mkononi na kwamba hakuwa amekamilisha mpango wowote wa kuzipata wakati muuzaji alipogoma. Alishinda. Majaji walisema mnunuzi hahitaji kuzitoa fedha mfukoni wala kuonyesha mpango wa mkopo uliokwisha kufungwa ili athibitishe kwamba yuko tayari. Inatosha ushahidi uridhishe kwamba angeweza kuzipata. Wewe una hali nzuri kuliko yeye. Milioni 9 na mkopo ulioidhinishwa wa milioni 30 ni milioni 39, na barua ya idhini ina tarehe ya Juni 2023, ndani ya zile siku 90. Hukumu za India na za Baraza hilo kuhusu sheria ya India haziifungi mahakama yetu, lakini kwa kuwa sheria zetu zina asili moja, zinasikilizwa kwa uzito.

Usiichukue kesi hiyo kama ruhusa ya kwenda mikono mitupu, hata hivyo. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la U.N. Krishnamurthy, ilimnyima mnunuzi utekelezaji wa mkataba kwa sababu alisema yuko tayari bila kuonyesha fedha zingetoka wapi katika kipindi ambacho alipaswa kulipa. Kwamba aliweka fedha baadaye sana, kesi ikiwa imeshakwenda mbali, hakukumwokoa. Ukiziweka kesi hizo mbili pamoja unaona mstari ulipo. Hakuna anayekudai noti. Unadaiwa chanzo kinachoaminika, na kiwe chanzo cha *wakati ule*.

Hili la wakati ndilo linalosahaulika zaidi. Mtu anakwenda benki wiki ya kutoa ushahidi anachukua taarifa ya akaunti ya mwezi huu, ina milioni 60, anafurahi. Jaji hataki kujua una nini leo peke yake. Anataka kujua Julai 2023 ulikuwa na nini, Februari 2024 ulikuwa na nini, na siku unafungua kesi ulikuwa na nini. Chukua taarifa ya akaunti kuanzia Aprili 2023 bila kuruka mwezi. Na tafadhali usikope kwa rafiki milioni 35 ili zionekane kwenye akaunti siku tatu kisha umrudishie. Wakili wa upande wa pili akiona fedha zimeingia Alhamisi na kutoka Jumatatu atakuuliza zilitoka wapi na zilikwenda wapi, na hata yale ya kweli uliyosema mwanzo yataanza kunuka.

Kwa upande wa SACCOS, karatasi moja haitoshi. Unahitaji fomu ya maombi ya mkopo yenye tarehe, muhtasari wa kikao cha kamati ya mikopo kilichoidhinisha au barua ya idhini, masharti ya mkopo, na afisa wa SACCOS aje kuvitoa mahakamani kama vielelezo na kueleza. Swali atakalobanwa nalo ni hili: dhamana ilikuwa nini? Kama mkopo ulikuwa wa mshahara na wadhamini wenzako wa kazini, uko salama. Fedha zingetoka wakati wowote. Kama sharti lilikuwa kuweka hati ya kiwanja hicho hicho kwanza, watasema huo haukuwa uwezo bali ni ndoto, maana fedha hazitoki bila hati na hati haitoki bila fedha. Hata hapo hujashindwa, kwa sababu mikopo ya nyumba ya benki ndivyo inavyokwenda na hati hubadilishana mikono kwa mawakili siku moja na malipo. Lakini lazima mtu wa SACCOS aeleze utaratibu huo kwa mdomo wake. Usiuache ujielezee wenyewe. Na kama maombi yako ya mkopo yanataja "kukamilisha ununuzi wa kiwanja Kigamboni" kama sababu, karatasi hiyo ni dhahabu: inaonyesha uwezo na nia kwa pamoja, na iliandikwa kabla ya ugomvi wowote, wakati huna sababu ya kudanganya.

Kuweka fedha mahakamani si sharti la kufungua kesi. India waliliandika wazi katika sheria yao ya mwaka 1963: mdai halazimiki kutoa fedha wala kuziweka mahakamani, isipokuwa mahakama ikimwamuru. Mantiki hiyo hiyo inafaa hapa. Ila mimi ningekushauri *ujitolee*. Andika kwenye hati ya madai kwamba uko tayari kuweka milioni 35 mahakamani, au kwenye akaunti ya wateja ya ofisi ya wakili atakayekubaliwa na pande zote, ndani ya siku utakazopangiwa. Mdai anayesema hivyo anabadilisha sura ya kesi. Muuzaji atabaki akisema "hana fedha" mbele ya mtu anayesema "niambieni niziweke wapi." Lakini usiandike hivyo kabla hujahakikisha zipo, kwa sababu mahakama inaweza kukuchukulia kwa neno lako kesho yake asubuhi, na ukishindwa kuziweka umejichongea mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko milioni 35, ambalo wewe umelitaja kwa kupita tu: ule ujumbe wa WhatsApp.

Mwaka 1928 Baraza la Mfalme liliamua kesi nyingine ya Bombay, Ardeshir Mama dhidi ya Flora Sassoon. Mnunuzi wa mali isiyohamishika alifungua kesi akiomba utekelezaji wa mkataba, kisha njiani akaamua kwamba anataka fidia tu na kuuchukulia mkataba kuwa umekwisha. Akajikuta amejifungia mlango. Ukishasema mkataba umekufa, huwezi tena kusema uko tayari kuutimiza. Utayari unatakiwa uwe mfululizo, usikatike katikati. Kesi hiyo ina karibu miaka mia moja na bado inatajwa India kila uchao.

Ujumbe wako unaweza kusomwa hivyo. "Nirudishie hela yangu tuachane." Wakili wa upande wa pili atausoma kwa sauti, polepole, mara mbili, halafu atakuuliza: siku hiyo ulikuwa na nia ya kununua au hukuwa nayo?

Naona una majibu, lakini yaandae sasa. Kwanza, ujumbe una sharti: *kama hutaki kuuza*. Ulikuwa unajibu shinikizo la mtu aliyekuja na bei mpya, na mtu huyo hakuwahi kusema waziwazi kwamba hauzi. Alisema anataka zaidi. Pili, hakuukubali. Hakurudisha hata senti, hakuandika kwamba mkataba umevunjwa kwa makubaliano, aliendelea kukaa na milioni 50 zako. Pendekezo la kuachana ambalo halikukubaliwa halivunji mkataba. Tatu, wiki hiyo hiyo ulirudi ukasema unataka nyumba. Hilo la tatu ndilo litakalokuokoa, kwa hiyo nauliza: ulimwambia kwa simu au kwa maandishi? Kama ni kwa maandishi, ujumbe huo na ule wa hasira viende mahakamani pamoja, tena *wewe* ndiye uvitoe. Kama ni kwa simu, nani alikusikia? Kumbukumbu za mtandao wa simu zinaweza kuonyesha kwamba simu ilipigwa na ilidumu muda gani, ingawa hazitasema mlizungumza nini.

Usifute chochote. Watu wana tabia ya kufuta ujumbe wa aibu wakidhani umekwisha, kumbe upo kwenye simu ya mwenzao. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini mahakama itataka kujua ulitunzwaje, simu ilikuwa kwa nani, ulichapishwaje, na kama unaweza kuaminika kuwa haujachezewa. Simu yenyewe uitunze, usiiuze, usimpe mtoto. Muulize wakili wako kuhusu kiapo cha kuthibitisha uhalisi wa machapisho hayo. Vielelezo vingi vya WhatsApp hukataliwa kwa sababu ya hatua hiyo kurukwa, wala si kwa sababu ni vya uongo.

Katika maombi mwishoni mwa hati ya madai wakili wako anaweza kuomba uhamisho, *au kwa mbadala*, kurudishiwa fedha pamoja na riba na fidia. Hilo halikudhuru. Kuomba mbadala endapo mahakama itaona uhamisho hauwezekani ni tofauti na kuuacha uhamisho. Mnunuzi wa Bombay hakuangushwa na ombi la mbadala. Aliangushwa na kulitupa ombi la kwanza.

Kuhusu muda, sheria ya ukomo inakupa miaka sita kwa madai ya mkataba, kwa hiyo hujachelewa kwa hesabu hiyo. Ila usilale juu ya miaka sita. Kuna shauri la India la mwaka 1997, K.S. Vidyanadam, lililohusu nyumba Madurai. Bei ilikuwa rupia 60,000, mnunuzi akatanguliza 5,000, wakapeana miezi sita. Akakaa kimya miaka miwili na nusu, bei za nyumba mjini zikapanda, ndipo akafungua kesi. Alikuwa ndani ya muda wa sheria na bado Mahakama ya Juu ilimnyima, kwa sababu ukimya wake ulionyesha hakuwa na haraka ya kununua mpaka alipoona faida. Wakili wa muuzaji wako atapenda kuitaja. Jibu lako ni kwamba wewe ulitanguliza milioni 50 kati ya 85, na mtu hatoi zaidi ya nusu ya bei kisha akawa anafanya mchezo. Ila huo muda tangu Februari 2024 hadi sasa unahitaji maelezo. Ulimfuata mara ngapi? Mlikaa na wazee, na mjumbe wa serikali ya mtaa? Kama kuna kikao cha usuluhishi kilichoandikwa, kitafute. Kama hakuna kitu, basi kimya hicho kinahesabiwa dhidi yako, na kila wiki inayopita kinaongezeka.

Ndiyo maana, kabla hati ya madai haijasajiliwa, ningetaka muuzaji apokee barua moja nzuri kutoka kwa wakili wako. Simaanishi zile barua za vitisho zenye "usipotii tutakuchukulia hatua kali za kisheria bila kukutaarifu zaidi." Hizo hazithibitishi lolote. Barua ninayoisema inataja mkataba na tarehe yake, milioni 50 zilizolipwa, nyaraka ambazo yeye hajaleta moja baada ya nyingine, kisha inasema: milioni 35 zipo, barua ya benki au ya SACCOS imeambatanishwa, tunakualika ofisi fulani, siku fulani, saa nne asubuhi, uje na hati na fomu, ulipwe papo hapo. Mpe siku za kutosha, wiki tatu hivi. Siku hiyo nenda kweli. Nenda na fomu zilizojazwa upande wako, picha za pasipoti, namba yako ya mlipa kodi, na hundi ya benki kama unaweza. Kaa mpaka saa za kazi ziishe. Wakili aandike kumbukumbu fupi ya nani alikuwepo na nani hakuja, isainiwe. Asipokuja, umepata ushahidi ambao hakuna maswali ya kizimbani yatakayoufuta kirahisi. Akija na hati, umepata nyumba bila kesi, na mimi siwezi kukuombea mabaya.

Baada ya hapo hati ya madai iandikwe upya. Ile sentensi ya zamani ibaki, lakini ifuatwe na mambo yaliyotokea: kwamba tarehe fulani Aprili 2023 ulilipa milioni 50, kwamba tarehe fulani Juni 2023 SACCOS iliidhinisha milioni 30 kwa ajili ya ununuzi huu, kwamba kwa kipindi chote hicho ulikuwa na akiba isiyopungua kiasi fulani benki (weka kiasi cha kweli, kama kuna mwezi ilishuka hadi milioni 2 useme, kisha ueleze), kwamba ulimkumbusha muuzaji tarehe hizi na hizi, kwamba hakuleta hati, kwamba Februari 2024 alidai bei mpya, kwamba siku ya mwaliko ulifika na yeye hakufika, kwamba hadi leo fedha zipo. Usilolisema kwenye hati ya madai utapata shida kulithibitisha baadaye, kwa sababu pande hufungwa na walichokiandika. India walirekebisha sheria yao mwaka 2018 na kuondoa sharti la kulitamka jambo hili kwenye madai, wakabakiza la kulithibitisha. Hapa kwetu usijaribu bahati hiyo.

Kagua pia mkataba wenyewe kama ulilipiwa ushuru wa stempu. Mikataba mingi ya viwanja haikulipiwa, na pingamizi hilo husimama siku ya kuutoa kama kielelezo. Linarekebishika kwa kulipa ushuru na faini, lakini bora ulipe sasa kuliko kuomba ahirisho.

Muuzaji ana vichochoro vingine viwili. Atasema uhamisho haukupata kibali cha mamlaka ya ardhi, kwa hiyo mkataba ni batili. Mahakama ya Rufani ilishalizungumzia hilo katika Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers, iliyoripotiwa mwaka 2000: kukosekana kwa kibali hakuufanyi mkataba kuwa batili tangu mwanzo, unakuwa haujaanza kufanya kazi mpaka kibali kipatikane. Na anayepaswa kuomba kibali kwanza ni nani? Yeye. Cha pili ni mwenzi wake. Kama ile nyumba ni ya familia na mke au mume hakuridhia kuuza, una tatizo la kweli ambalo utayari wako hauwezi kulitibu, maana Sheria ya Ndoa inailinda nyumba ya wanandoa. Angalia kama kuna saini ya mwenzi kwenye mkataba. Kama haipo, mwambie wakili wako leo, asilisikie kwa mara ya kwanza kwenye majibu ya madai.

Wakati huo huo zuia nyumba isiuzwe kwa mtu wa tatu. Kama kiwanja kina hati, weka tahadhari (caveat), yaani taarifa kwamba una madai juu yake, kwa Msajili wa Hati. Na kesi ikishafunguliwa, omba zuio la muda. Vigezo ni vile vya Atilio dhidi ya Mbowe vya mwaka 1969: kuwe na suala zito la kuamuliwa na dalili za kushinda, kuwe na madhara yasiyolipika kwa fedha zuio lisipotolewa, na usumbufu wa kulikosa uwe mkubwa kuliko wa kulitoa. Kwenye kigezo cha kwanza karatasi zako za SACCOS zitasomwa mapema kuliko unavyotarajia, kwa hiyo ziwe kwenye hati ya kiapo tangu mwanzo.

Jambo moja linaloweza kutokea wiki yoyote: akakuingizia zile milioni 50 kwenye akaunti bila kukuuliza. Wauzaji hushauriwa hivyo. Ukizitumia, hata kulipia ada za shule, utaonekana umekubali mkataba uishe. Zikiingia, siku hiyo hiyo wakili wako aandike kwamba hujazipokea kama marejesho, unazishikilia kwa niaba yake au uko tayari kuzirudisha, na bado unadai uhamisho. Zihamishie akaunti ya pekee, zikae.

Na tuseme umeshinda. Hukumu za namna hii kwa kawaida humpa mnunuzi siku kadhaa za kulipa salio, na muuzaji siku kadhaa za kusaini baada ya hapo. Akigoma, mahakama huweza kuelekeza ofisa wake asaini badala yake. Mnunuzi akipitisha siku zake bila kulipa wala kuomba kuongezewa, anaweza kuipoteza hukumu aliyoisotea miaka. Mkopo wako uliidhinishwa Juni 2023, na idhini za SACCOS huwa na muda wake, huenda ule umeshafutwa kwenye vitabu vyao wakati hati yako ya madai inasema "bado yuko tayari." Kwa hiyo kabla hujakwenda kusaini hati hiyo kwa wakili wako, pitia SACCOS kwanza uombe idhini ihuishwe kwa maandishi.